Faili moja la Org, wasomaji watatu: namna ya kutoa sehemu unazozitaka tu

Anayesimamia ukarabati wa nyumba ya mawe mjini Lamu huandikia watu wasiofanana. Fundi anataka vipimo vya boriti na maelezo ya chokaa. Mwenye nyumba anataka hesabu. Wahusika wa uhifadhi, maana mji wa kale umo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2001, wanataka kujua kuta na vidaka vitaguswa vipi. Wengi hukata nakala tatu kutoka waraka mmoja, na muda si mrefu vipimo vya nakala hii havilingani na vya ile. Mimi nashauri faili moja tu la maandishi matupu, la Org (mtindo wa kuandika kwa vichwa na matawi) ndani ya Emacs, programu ya kuhariri maandishi, na kila msomaji atolewe fungu lake humo humo.

#+TITLE: Ukarabati, Mkomani
#+OPTIONS: toc:nil tags:nil
* Hali ya nyumba
Maelezo ya jumla.
** Boriti za dari :fundi:
** Vidaka vya ndani
* Chokaa na lipu :fundi:
* Malipo :noexport:
:PROPERTIES:
:EXPORT_FILE_NAME: malipo-mkomani
:EXPORT_TITLE: Malipo ya ukarabati
:END:

Nyota moja ni kichwa kikuu, mbili ni tawi lake. Lebo hukaa mwisho wa mstari wa kichwa, na C-c C-q huziweka (C- maana yake shikilia Control). Usiandike :mwenye-nyumba: kwa kistari. Lebo hukubali herufi, tarakimu, _, @, # na % tu. Ukiweka kistari, Org huihesabu kuwa sehemu ya kichwa na itachapishwa hivyo hivyo. Andika :mwenye_nyumba:.

Lebo ya noexport Org inaijua tangu mwanzo: kichwa chenye lebo hiyo hakitoki, wala matawi yake. Bonyeza C-c C-e, menyu inafunguka. Hapo h h inatoa HTML (ukurasa wa wavuti), o o inatoa ODT (waraka wa LibreOffice), l p inatoa PDF ikiwa LaTeX, programu ya kupanga kurasa, imo kwenye kompyuta.

Kwa fundi, ongeza juu ya faili:

#+SELECT_TAGS: fundi

Sasa yanatoka matawi yenye lebo ya fundi peke yake. Kichwa cha “Hali ya nyumba” kitatokea pia, kwa sababu “Boriti za dari” imo chini yake. Maneno yoyote yaliyo kabla ya kichwa cha kwanza nayo huachwa, kwa hiyo tahadhari ya kazi usiiweke pale ukitarajia fundi ataisoma.

Hapa ndipo watu huumia. Ukikosea tahajia, ukaandika “fundii” kwenye mstari huo, Org haitalalamika. Ikikosa kichwa hata kimoja chenye lebo iliyotajwa, huchukulia kwamba hukuchagua kitu, na hutoa faili zima. Ndiyo maana Malipo yana noexport hata kama unachagua kwa lebo ya fundi: noexport hushinda lebo ya kuchagulia, na siri inakuwa na kufuli mbili. Noexport nayo iandikwe sawasawa, kwa herufi ndogo.

Mwenye nyumba je, naye anataka hayo hayo Malipo? Weka kishale ndani ya tawi la Malipo, C-c C-e, halafu C-s. Kwenye menyu upeo unabadilika kutoka faili zima kuwa tawi hilo tu. Kichwa chake kinakuwa jina la waraka, isipokuwa umeweka EXPORT_TITLE kama hapo juu, ambayo huchukua nafasi yake, na noexport ya kichwa hicho haizuii, kwa sababu Org inasoma yaliyo chini yake. Usiache EXPORT_FILE_NAME. Bila hiyo tawi hutoka kwa jina la faili lenyewe, na kila tawi unalotoa kwa aina ile ile hufuta lililotangulia. Sifa hizi zikae mara tu chini ya kichwa. Ukitanguliza aya, hazisomwi.

Kukunja tawi kwa Tab hakulifichi kwenye nakala. Kinachotoa yanayoonekana tu ni C-v ndani ya menyu, nami siipendi kwa waraka wa hesabu, kwani matokeo yanategemea ulivyokunja dakika ile.

Tatizo jingine ni viungo. Malipo yakiwa na [[*Boriti za dari]], ukitoa Malipo peke yake kazi inakatika kwa ujumbe wa “Unable to resolve link”, maana kichwa kile hakimo katika fungu hilo. Ongeza broken-links:mark kwenye mstari wa OPTIONS, na palipovunjika pataandikwa [BROKEN LINK: …]. Usitumie broken-links:t, hiyo hukimeza kiungo kimya, na sentensi inabaki na pengo. Bora zaidi, pale andika jina la sehemu kwa maneno ya kawaida.

Kabla ya kutuma, toa kwanza maandishi matupu kwa t u na uyasome yote, hasa sehemu ya mwisho. Ukiridhika, toa PDF. Ukitaka kutoa tena kabla ya kufunga Emacs, C-u C-c C-e inarudia utoaji wa mwisho bila kupitia menyu. Mtumie msomaji nakala iliyotolewa, kamwe si faili la .org lenyewe, kwani Malipo yamo humo.