Kwa nini nyasi za Serengeti huliwa bila kuisha

Ukiwauliza watoto mnyama gani ni muhimu Serengeti, wengi watakutajia simba. Mimi naanzia kwenye nyasi. Zisipokuwepo, nyumbu zaidi ya milioni moja hawana cha kula, na simba naye atalala njaa.

Siri iko kwenye mahali jani linapokulia. Mimea mingi hurefuka kwa ncha ya juu, lakini jani la nyasi husukumwa kutoka chini, karibu kabisa na udongo. Nyumbu akilikata juu, sehemu inayokua inabaki salama.

Mnaweza kulijaribu hili nyumbani. Toboa makopo mawili kwenye kitako, yajaze udongo, kisha panda mbegu tatu za mahindi (nayo ni ya ukoo wa nyasi) kwenye moja na tatu za maharage kwenye lingine, kina cha sentimita 3. Udongo uwe na unyevu tu. Maji yakituama mbegu zitaoza. Miche ikifika sentimita 15 hivi, kata yote kwa mkasi, ukiacha sentimita 3. Baada ya siku chache chunguza jani la mahindi: limepanda tena, na ncha yake imenyooka pale mkasi ulipopita. Haragwe limebaki kijiti. Likichipua, basi ulikata juu ya zile pande mbili nene za mbegu, maana machipukizi hujificha hapo. Rudia, ukate chini yake.

Walaji nao hawali sawa. Pundamilia ana meno ya mbele juu na chini, hivyo hukata mabua marefu, magumu. Hacheui, chakula humpita haraka, kwa hiyo hula kingi hata kama ni duni. Nyumbu, asiye na meno ya mbele ya juu, hupendelea majani mafupi na hucheua. Swala tomi, kwa kamdomo kake kembamba, huchagua machipukizi mororo, mara nyingi pale wakubwa walipokwisha kupita.

Je, walaji wakipungua Serengeti inanufaika? Hapana. Ugonjwa wa sotoka uliua nyumbu wengi kwa miaka mingi. Ulipodhibitiwa miaka ya 1960, waliongezeka kutoka takriban 250,000 hadi zaidi ya milioni moja mwishoni mwa miaka ya 1970. Kabla ya hapo, nyasi zisizoliwa zilikauka zikawa kuni za moto uliounguza miche ya miti kila kiangazi. Nyumbu waliporudi kwa wingi, moto ulipungua na miti ikaanza kuongezeka.