Mapovu kwenye tangi la kulanti si lazima gasketi imekufa

Karibu kila gereji Kampala utaambiwa hivi: ukiona mapovu kwenye tangi la kulanti (maji ya kupozea) la haibridi, yaani gari la petroli na umeme, gasketi ya silinda hedi (kiziba kati ya bloku na kichwa cha injini) imeungua. Fundi anakutajia bei, nawe unashika kichwa. Subiri kwanza.

Chukua haibridi kama Toyota Prius: ina mizunguko miwili ya kulanti, kila mmoja na tangi lake. Mmoja unapoza injini, mwingine inveta, kile kisanduku kinachobadilisha umeme wa betri kubwa. Mzunguko wa inveta haukutani na moto wa injini mahali popote, kwa hiyo gasketi haiwezi kupeleka mapovu huko. Ukiyaona hapo, mara nyingi ni hewa iliyonaswa baada ya kubadilisha kulanti. Washa gari mpaka taa ya READY iwake kwenye dashibodi, kisha chungulia: kulanti inapaswa kuchezacheza. Ikitulia kama maji ya mtungini, shuku pampu yake ya umeme.

Upande wa injini ndiko gasketi inakoweza kuhusika, lakini hata huko anza kwa kutoa hewa. Kuanzia Prius ya 2010, pampu ya injini nayo ni ya umeme, haina mkanda, hivyo kuungurumisha injini kama kwenye gari la zamani hakusaidii sana. Mapovu yakiendelea, kulanti ikipungua bila kuvuja na injini ikitetemeka asubuhi, dai kipimo cha gesi, kinachotafuta gesi ya moto wa injini ndani ya kulanti: dawa ya bluu ikigeuka njano, hapo fundi alikuwa sahihi.

Usifungue kifuniko injini ikiwa moto, na nyaya za rangi ya chungwa usiziguse.