Maana ya upishi wa mapema kwa anayealika wageni nyumbani

Upishi wa mapema ni utaratibu wa kuandaa chakula cha wageni, chote au sehemu yake, saa kadhaa au hata siku kadhaa kabla hawajafika, ili mlango unapobishwa hodi kazi nzito ya jikoni iwe imekwisha, na kilichobaki kiwe kupasha moto, kukoleza na kupakua. Chakula cha namna hii hakihesabiwi kuwa kiporo. Kiporo ni mabaki ya mlo uliokwisha kuliwa, ilhali hiki kimekusudiwa kulala tangu kilipowekwa jikoni, na kimechaguliwa kwa sababu kinavumilia kulala au hata kunufaika nako.

Wapo wanaoielewa dhana hii kuwa ni kusogeza kazi nyuma tu, yaani kilichokuwa kipikwe Jumamosi kipikwe Ijumaa. Uelewa huo ni finyu, na ndio unaoleta mezani viazi vya kukaanga vilivyolegea na saladi iliyonyauka. Kabla ya kupanga lolote, mpishi hana budi kujiuliza muda utakifanyia nini kila chakula, kwa kuwa viko vinavyoboreka vikikaa, viko visivyobadilika sana, na viko vinavyopoteza ubora kwa kila dakika inayopita. Akishavitambua, vya kwanza huvipika mapema kabisa, na nguvu zake za mwisho huzitunza kwa ajili ya vile visivyoweza kungoja.

Vinavyoboreka ni hasa vyakula vya majimaji vilivyopikwa kwa moto mdogo kwa muda mrefu, kama supu, maharage na nyama ngumu iliyochemshwa hadi ikalainika. Nyama ya aina hiyo ina kolajeni nyingi, ambayo ni protini inayoshikanisha misuli, nayo ikipikwa polepole hugeuka kuwa jelatini. Mchuzi ukipoa, jelatini huganda. Ukipashwa moto siku ya pili, mchuzi huwa mzito na laini bila kuongezwa unga. Ladha ya viungo nayo hupata muda wa kuenea, na mafuta yaliyoganda juu huondolewa kwa kijiko, kazi ambayo sufuria ikiwa bado ya moto ni ya taabu. Lakini si kila nyama hufaidika. Kuku aliyeokwa akalala bila mchuzi huwa na ladha ya uchakavu anapopashwa moto, kwa sababu madini ya chuma yaliyomo katika nyama huharakisha mafuta yake kuharibiwa na oksijeni ya hewani. Mchuzi unaoifunika nyama hupunguza tatizo hilo, na ndiyo maana nyama ya mchuzi ni chaguo salama zaidi kuliko ya kuokwa kwa anayepika siku moja kabla.

Kundi la katikati linahitaji maarifa kidogo. Mboga za kijani zinaweza kuchemshwa dakika mbili au tatu katika maji yenye chumvi, zikatumbukizwa katika maji ya barafu ili zisiendelee kuiva, zikakaushwa na kuwekwa kwenye jokofu hadi kesho yake. Siki au maji ya ndimu yatiwe wakati wa kula tu, kwani asidi huifanya rangi ya kijani ififie na kuelekea kahawia. Mkate ukitangulia kuokwa usiwekwe kwenye jokofu, kwa sababu wanga wake hukakamaa haraka zaidi katika ubaridi huo kuliko katika joto la kawaida la chumba. Ugandishwe kabisa kwenye friza, kisha upashwe moto katika oveni. Viazi vilivyochemshwa, kinyume chake, havipendi friza: vikiyeyuka hutoa maji na kuwa chengachenga. Chakula kitakachoandaliwa kikiwa baridi kionjwe tena kikiwa baridi, maana ubaridi hufifiza chumvi na sukari, na kilichoonekana kimekolea jana kikiwa moto huenda leo kikawa chapwa.

Vya kukaanga na vya majani mabichi ndivyo visivyongoja. Hata hivyo, vinaweza kufikishwa karibu na mwisho: samaki asafishwe na kukatwa, majani yaoshwe na kukaushwa vizuri, mchanganyiko wa siki na mafuta ukae katika chupa yake pembeni. Kwa maoni yangu, chakula kinachomlazimisha mwenyeji asimame jikoni wakati wageni wameketi kisizidi kimoja, na kikikosekana kabisa hakuna atakayelalamika.

Upande wa usalama hauna nafasi ya mjadala, kwa kuwa mlo uliopikwa mapema hupita mara mbili katika kiwango cha joto ambacho bakteria hukipenda, yaani kati ya nyuzi 5 na 60 za Selsiasi: mara ya kwanza unapopoa, mara ya pili unapopashwa moto. Chakula kilichopikwa kisikae nje ya jokofu zaidi ya saa 2, na kama hewa yenyewe imezidi nyuzi 32, kisizidi saa 1. Kosa la kawaida ni kuiacha sufuria kubwa ipoe yenyewe usiku kucha. Katikati yake hubaki vuguvugu kwa saa nyingi, hata kama nje kuna baridi kali. Chakula kigawanywe katika vyombo vipana ambavyo kina chake hakizidi sentimita 5, na sufuria ya supu inaweza kuwekwa ndani ya beseni la maji ya barafu huku supu ikikorogwa. Wali unahitaji uangalifu wa pekee: mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus hustahimili kuchemshwa, na sumu anayoizalisha wali ukichelewa kupozwa haiondoki kwa kupashwa moto. Chakula kingi kilichopikwa hudumu siku 3 hadi 4 katika jokofu lenye nyuzi 4 au 5, na kinapopashwa moto kifike nyuzi 75 hadi katikati, si kingoni tu.

Majira ya mwaka hubadilisha mpango wote. Wakati wa baridi, oveni na moto wa muda mrefu huongeza raha ya nyumba, na supu au nyama ya mchuzi iliyopikwa siku 2 kabla hutosheleza karibu kila kitu. Wakati wa joto, kazi ya moto ifanyike alfajiri au usiku, na mlo uegemee vyakula vya kuliwa baridi: nafaka zilizochanganywa na mboga, nyama iliyopikwa ikapozwa na kukatwa vipande vyembamba, vitamutamu vya kugandisha. Tatizo hapo huhamia kwenye jokofu, ambalo likijazwa vyombo vya moto na vinywaji kwa wakati mmoja hushindwa kupoza chochote ipasavyo, hivyo vinywaji vipewe ndoo yao ya barafu. Matunda na mboga za msimu husaidia pia, kwa kuwa zao lililo katika wakati wake huhitaji kutengenezwa kidogo sana ili lipendeze.

Ratiba huandikwa kuanzia saa ya kula kurudi nyuma, ikionyesha ni chombo gani kitakuwa katika oveni na saa ngapi, kwani vyakula viwili vinavyohitaji oveni moja kwa joto tofauti hukwamisha karamu kuliko upungufu wa viungo. Na kwa kuwa wageni huchelewa, mlo mkuu uwe wa aina inayoweza kubaki juu ya moto mdogo, kwa joto lisiloshuka chini ya nyuzi 60, nusu saa zaidi bila kukauka.