Mpingo: gogo moja linaenda Ulaya, jingine linaishia jikoni

Watu wengi hutuletea kinyago wakiwa na swali moja: "Mtaalamu, huu ni mpingo kweli au nimepigwa?" Huwa nakipima kwanza kwa mkono. Kisha nakigeuza, na pale kwenye kitako nakwangua kidogo kwa ncha ya kisu. Ikitokea mbao laini ya rangi ya maziwa, huku kiwi ya viatu imebaki kwenye kucha, mwenye nacho hujijibu mwenyewe. Mpingo hukwanguka kwa shida, na hata ukikwanguka, chini yake bado ni mweusi au zambarau iliyokolea.

Ila msiwe wepesi wa kumwita fundi tapeli. Mpingo wenyewe una sehemu nyeupe ya nje, nyembamba, inayozunguka kiini cheusi. Wachongaji wengi huiacha makusudi ili kinyago kiwe na rangi mbili. Kwa hiyo weupe peke yake si ushahidi, na ndiyo maana tunaangalia uzito pia. Mita moja ya ujazo ya kiini cha mpingo mkavu huwa na kilo 1,200 hivi, wakati mninga mkavu ni kama nusu ya hapo. Chukua kipande cha kiini kisicho na rangi wala nta, kitie kwenye ndoo ya maji. Mpingo unazama moja kwa moja, mninga unaelea.

Na tuliweke sawa jina. Wengi huuita abunusi, lakini abunusi ni miti ya jamii ya Diospyros. Mpingo, Dalbergia melanoxylon, ni wa ukoo wa mikunde, kwa hiyo ni ndugu wa mbali wa kunde na maharage tunayopika. Ndiyo mti wa taifa wa Tanzania. Mwenye kuutafuta akitarajia mti mrefu ulionyooka kama msaji ataupita bila kuujua, kwa sababu ni mti wa wastani wenye miiba, mara nyingi umepinda, na shina lake hugawanyika chini chini. Wanaoufuatilia hukadiria kwamba huchukua miaka 70 hadi 100 kufikia unene wa kuvunwa. Aliyeupanda kwa kawaida havuni yeye.

Hata hivyo, ugumu na uchelewaji peke yake havielezi bei, kwani iko miti mingine inayokua polepole na watu wanaichomea mkaa. Bei ya mpingo inatoka kwenye ala za muziki za kupuliza: klarineti, obo na yale mazumari ya mfuko ya Waskoti. Watengenezaji wa ala hizo wameung'ang'ania tangu karne ya 19. Kiini chake kina nyuzi laini zilizobanana na mafuta ya asili, hivyo pumzi yenye unyevu ya mpigaji haikivimbishi upesi. Ukikitoboa au ukikikereza, kinakatika safi karibu kama chuma, tundu linabaki na kingo kali, na skrubu ndogo za vitufe vya klarineti zinashika bila kulegea. Mbao inayofanya yote hayo kwa pamoja ni adimu sana.

Lakini mnunuzi wa ala hanunui mti, ananunua kipande kisicho na dosari. Nendeni siku moja mkatazame gogo likipasuliwa. Nje linaonekana zima. Msumeno unapofungua, unakuta mstari wa ufa uliojificha, fundo la tawi lililokufa zamani, weupe ulioingia ndani kama ulimi, au kiini chenyewe kikiwa mvungu. Kila dosari inaondoa kipande. Mwishoni, mbao inayofaa kwa ala mara nyingi haifiki hata robo ya gogo. Vijiti vilivyopona hupakwa nta kwenye ncha ili visikauke haraka na kupasuka, kisha husubiri muda mrefu kabla ya kukerezwa.

Na hapo ndipo mchongaji anapoingia. Gogo lililopinda na lenye tundu, ambalo mwenye mashine ya ala amelisukuma pembeni, kwa fundi wa Kimakonde linaweza kuwa ndilo lenyewe. Ile mitindo ya shetani, yaani vinyago vya mizimu, inafuata umbo la mti: pinda linakuwa mgongo, tundu linakuwa mdomo. Nimewahi kukaa na mzee wa kazi hiyo akaligeuza gogo nusu saa nzima kabla ya kushika tezo. Alikuwa anatafuta, kwa maneno yake, "limelala upande gani." Neno kwa mafundi wenyewe: vumbi la mpingo huwasha ngozi na kusumbua kifua, hivyo kuvaa barakoa wakati wa kupiga msasa si uoga.

Kwa miaka mingi anayekaa na mti ndiye aliyepata kidogo kuliko wote. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ilifungua njia kwa vijiji vya Tanzania kutenga msitu wa hifadhi wa kijiji, kuusimamia, na kubaki na mapato ya mavuno. Kilwa ilionyesha kwamba inawezekana. Mwaka 2009, kwa msaada wa MCDI, shirika la uhifadhi wa mpingo, misitu ya jamii huko ilipata cheti cha kimataifa cha FSC cha usimamizi mzuri wa misitu. Mwanakijiji anayejua kutofautisha gogo la daraja la ala na la kuni hauzi yote kwa bei ya kuni. Somo hilo kwangu lina thamani kuliko semina kumi.

Tangu Januari 2017 miti karibu yote ya jamii ya Dalbergia imo kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, yaani haivuki mpaka bila kibali, hasa kwa sababu ya biashara kubwa ya mbao nyekundu za samani kwenda China. Wanamuziki walilalamika kwamba wanasumbuliwa mipakani na ala zao, na mwaka 2019 ala zilizokamilika zikaondolewa kwenye masharti hayo. Magogo na mbao hazikuondolewa. Ndani ya nchi pia, kuwa na mpingo shambani hakukupi ruhusa ya kuukata na kuusafirisha. Anzieni kwa afisa misitu wa wilaya, mpate kibali kabla ya msumeno kugusa mti.

Adui mwingine wa kiini ni moto wa kila kiangazi. Mche mdogo unaungua juu na kuchipua tena kutoka mzizini, mwaka hadi mwaka, bila kuinuka. Mti mkubwa haufi, ila unapata kidonda kwenye gome, kidonda kinaingiza uozo, na baada ya miongo kadhaa mnakata mvungu. Kama una mipingo shambani, fyeka nyasi kuizunguka shina kwa shina mara mvua zinapoisha, kabla majani hayajakauka. Panga na asubuhi mbili zinatosha kwa miti kumi na mitano.