Keki ya limao na bluberi: mashine ianze, mkono umalize

Bluberi, yale matunda madogo ya buluu, zilishuka stendi ya Tabora zikiwa ndani ya ndoo ya rangi, zimezungukwa na chupa za maji yaliyoganda na kufunikwa magazeti. Mteja wangu wa Cheyo, hapahapa Tabora, alikuwa ameila keki hii harusini Dar es Salaam, akarudi hana hadithi nyingine. "Dada, nimekuagizia na matunda yake kabisa, usije ukaniambia hayapatikani." Nusu kilo, tena zimeshaanza kutoa jasho. Mteja wa namna hiyo unamwambiaje hapana?

Mimi nilianza kuoka kwa mwiko na jiko la mkaa, na leo nafundisha wasichana kuoka hapahapa nyumbani. Kila nikionyesha picha ya keki, swali la kwanza ni "Dada, unatumia mashine gani?", utadhani mashine ndiyo inayooka. Ile ya kusimama, yenye bakuli lake na kichwa kinachoinuka, ni msaada mkubwa, sikatai. Ila katika keki hii ina kazi ya dakika kumi tu. Ukiiachia zaidi ya hapo, inaanza kubomoa ilichojenga.

Mashine hizi hazikuzaliwa jikoni kwa mtu, zilizaliwa kwa ajili ya waoka mikate. Mwaka 1908 mhandisi Mmarekani, Herbert Johnston wa kiwanda cha Hobart kule Ohio, alianza kubuni mashine ya kuchanganyia. Inasimuliwa kwamba alimwona mwoka mikate akipigana na donge la unga kwa kijiko cha chuma, akamhurumia. KitchenAid ya kwanza ya majumbani ikatoka 1919, na Kenwood Chef ya Uingereza mwaka 1950. Ujanja wake uko kwenye mzunguko: pigio linajizungusha lenyewe huku likizunguka ndani ya bakuli, kama dunia inavyojizungusha huku ikilizunguka jua, na bakuli limetulia tuli. Ndiyo maana inachanganya vizuri pembeni. Ndiyo maana pia inasahau chini kabisa, pale katikati, ambako utakuta siagi nyeupe imelala haijaguswa. Zima mashine, kwangua chini kwa mwiko wa mpira, washa tena. Mara tatu kwa keki moja si nyingi.

Kama unanunua ya mtumba, geuza usome kibandiko cha chini kabla hujatoa hela. Yangu ya kwanza ilikuwa nzuri, nyekundu, nzito kama jiwe la kusagia, imetoka Marekani, na imeandikwa volti 120. Umeme wetu ni volti 230. Ilinguruma sekunde chache, ikatoa moshi wa buluu, ikawa pambo. Zipo transfoma za kushusha umeme, ila hakikisha wati zake zinazidi zile za mashine.

Sasa siagi, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu keki nyingi za Tabora zinafia hapa.

Kupiga siagi na sukari si kuchanganya. Ni kuingiza hewa. Kila punje ya sukari ina kona, na kila kona ikipita kwenye siagi inaacha kitundu kidogo cha hewa. Beking pauda haitengenezi vitundu vipya. Inavijaza gesi na kuvipanua hivyohivyo ulivyovitengeneza. Ukikosea hapa hakuna kijiko cha beking pauda kitakachokuokoa. Ili siagi iishike hewa inatakiwa iwe laini lakini bado imara, kama nyuzijoto 18 hadi 20. Mapishi ya Ulaya yanasema "siagi ya joto la chumbani". Chumba gani? Mwezi wa kumi hapa kwetu, kabla mvua hazijaanza, chumba changu kinafika 30, na siagi ya joto la chumba hicho ni mafuta. Ukiyapiga hata nusu saa hayashiki kitu, ni kama kupiga povu kwenye maji ya kunywa.

Ninachofanya ni kuitoa siagi kwenye friji, kuikata vipande vya ukubwa wa kidole gumba, na kusubiri dakika kumi tu. Kidole kikibonyeza kiache shimo, lakini siagi ising'ae. Iking'aa umechelewa, irudishe. Na bakuli la chuma nalo naliweka kwenye friji, maana msuguano wa pigio unaongeza joto lake. Mwezi wa saba asubuhi, wakati watu wanatembea na masweta, mambo yanageuka: siagi ni jiwe, na hapo lile joto la mashine unalitaka.

Neno siagi kwetu linabeba vitu viwili: ya maziwa na ile ya kopo ya mafuta ya mimea. Ya kopo inavumilia joto zaidi na inashika hewa vizuri, sitaidharau, imenilipia kodi ya nyumba. Lakini keki ya limao yenye ladha chache namna hii inaitaka ya maziwa. Ukiona bei inakuumiza, changanya nusu kwa nusu.

Na sukari yetu ya dukani ina punje kubwa mno kwa kazi hii. Isage kwenye blenda sekunde kumi, iwe ndogo lakini isiwe unga. Ikiwa unga kona zimekwisha.

Vipimo vyangu, kwa chombo cha duara cha sentimita 22: siagi gramu 200, sukari gramu 200, mayai manne makubwa, unga wa ngano gramu 250, mtindi mzito mililita 100, malimao mawili, bluberi gramu 200, chumvi kidogo, na beking pauda kijiko kimoja cha chai na nusu. Mapishi ya pwani na ya ng'ambo yangekwambia vijiko viwili. Tabora iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 96 badala ya 100, na gesi inatanuka kwa urahisi zaidi. Ukitia viwili huku, keki inapanda haraka kwa furaha, kisha inabonyea katikati kama kitanda cha zamani.

Limao, si ndimu. Harufu unayoitaka haimo kwenye maji yake, imo kwenye ganda la njano, katika vifuko vidogo vya mafuta ambavyo ukilikunja ganda karibu na moto vinarusha cheche. Likwangue kwa upande mdogo wa kikwangulio cha karoti, njano tu. Ukifika kwenye weupe umefika kwenye uchungu. Kisha sugua maganda hayo na sukari kwa vidole mpaka sukari iwe kama mchanga uliolowa na chumba kizima kinukie. Ndipo iingie kwenye bakuli pamoja na siagi. Maji ya limao tia vijiko viwili tu kwenye mtindi. Ukimimina yote, asidi inaamsha beking pauda mapema, na gesi inapotea juu ya meza.

Weka pigio bapa, lile linalofanana na kasia, si lile la nyaya. Spidi ya kati, dakika tano au sita. Usiangalie saa, angalia rangi: kutoka njano kwenda karibu nyeupe, na mchanganyiko unaanza kushikilia kuta za bakuli kama povu zito. Mayai yaingie moja moja. Ukiona umekatika kama maziwa yaliyoganda, tia kijiko cha unga, utarudi.

Hapo mashine imemaliza kazi yake ya maana.

Unga ukishaingia na kukutana na unyevu, zinaanza kujijenga nyuzi za gluteni, zilezile tunazozitafuta kwenye chapati na maandazi. Kwenye chapati tunazikanda zivutike. Kwenye keki hatuzitaki, na mashine yenye nguvu inazijenga kabla hujamaliza kupokea simu. Utaijua keki iliyopigwa kupita kiasi: ina kichuguu juu, ukiikata ina mashimo marefu kama njia za mchwa, na ukiitafuna inavutika kama chapati. Mimi natia theluthi ya unga, nusu ya mtindi, theluthi, nusu, kisha unga uliobaki, yote kwa spidi ya kwanza, na nazima wakati michirizi ya unga bado inaonekana. Wanafunzi wangu hapa hawaniamini. "Si bado haijachanganyika, dada?" Ndiyo, bado. Inua kichwa cha mashine, chomoa waya, shika mwiko.

Bluberi zinaingia kwa mkono. Ni tunda la Marekani Kaskazini, na lile la shambani si la zamani: Elizabeth White, binti wa mwenye mashamba kule New Jersey, na mtaalamu wa mimea Frederick Coville walilitoa porini, na zao lao la kwanza likauzwa mwaka 1916. Linataka udongo wenye asidi na miezi ya baridi, kwa hiyo Tabora tutaendelea kulipokea stendi. Zikifika zimeganda, zitumie hivyohivyo zilivyoganda. Zikiyeyuka zinatoa maji na kuchora mchanganyiko mzima. Watu huzipaka unga ili zisizame. Unga unasaidia kufyonza unyevu, lakini kinachozizuia hasa ni uzito wa mchanganyiko. Mwiko ukisimama nusu sekunde kabla ya kulala, matunda yatakaa. Mimi natandaza kwanza tabaka la mchanganyiko mtupu chini, kisha wenye matunda, na kiganja kimoja nanyunyiza juu.

Na ukiona keki ina duara za kijani kuzunguka kila tunda, haijaoza. Jaribu hivi: chukua maji ya rozela, yale mekundu ya kunywa, weka kwenye glasi, tia beking soda kidogo. Yanageuka buluu, hata kijani. Kamulia limao, yanarudi mekundu. Rangi ya bluberi ni ya ukoo huohuo, na inabadilika kwa asidi na magadi. Kwa hiyo mapishi ukiyaona yametaja beking soda nyingi pamoja na bluberi, yatilie shaka. Mtindi na limao katika keki hii vinalinda ladha na vinalinda zambarau ya rangi pia.

Nimetaja zambarau, na najua mlikuwa mnaisubiri. Msimu wa mvua ukifika na watoto wanapita na ndimi nyeusi, nimeijaribu mara kadhaa badala ya bluberi. Ina kokwa, ina ukakasi, na majimaji yake hupaka kila kitu. Itoe kokwa, ichemshe kidogo na sukari mpaka iwe nzito, ipoe kabisa, kisha ichore katikati ya mchanganyiko kwa kijiko, usiikoroge. Inatoka keki nzuri sana. Usimuuzie mtu ukaiita bluberi, basi.

Oveni nyuzi 170, dakika 55 hadi 65. Matunda yaliyoganda yanapoza mchanganyiko na kuongeza dakika. Kijiti kitoke kikavu, ila kikigonga tunda kitatoka cha zambarau, chomeka pengine.

Ya mteja wangu wa Cheyo haikuiona oveni. Nimeshaumimina mchanganyiko kwenye chombo, naugusa mlango wa oveni, umeme ukaondoka mtaa mzima. Bahati ni kwamba beking pauda nyingi za siku hizi zinafanya kazi mara mbili, kidogo zikilowa na zaidi zikipata joto, kwa hiyo chombo kikakaa mahali pa ubaridi wakati nawasha mkaa. Sufuria kubwa, mchanga chini, mawe matatu, chombo juu ya mawe, mfuniko, na makaa juu ya mfuniko mengi kuliko ya chini. Chini yakizidi, unaunguza kitako kabla katikati hapajaiva. Ilichukua dakika sabini na sikuufungua mfuniko kwa dakika arobaini za mwanzo, ingawa mkono uliwasha.

Ilipotoka ikiwa bado ya moto niliitoboa kwa kijiti na kuinywesha maji ya limao yaliyobaki, niliyoyapasha na vijiko vitatu vya asali ya Sikonge. Asali naitia hapa tu; ukiiweka nyingi ndani ya mchanganyiko, keki inakuwa ya kahawia mapema kabla ya kuiva. Kisha nikaiacha ipoe mpaka jioni, kwa sababu ikikatwa ya moto matunda yanachuruzika na vipande vinavunjika.

Mteja alikuja na mumewe. Akakata, akaonja, akatafuna taratibu, akaninyooshea uma. "Dada, mbona kwa mbali kama ina harufu ya moshi?"

Nikamwambia ni asali ya porini. Na kwa kweli nayo ilirinwa kwa moshi.