Mdundo wa sikioni si jini
Hapa Lamu, mtu akisikia mdundo sikioni huambiwa ana jini, au kuna anayemsengenya. Lakini mdundo unaokwenda sawia na mapigo ya moyo mara nyingi ni sauti ya damu yenyewe. Kwa watu wachache sana, mshipa mkubwa upelekao damu kwenye ubongo hupita ndani ya sikio la kati, pasipo mahali pake. Daktari akichungulia, huona wekundu nyuma ya kiwambo, ile ngozi nyembamba ya ndani ya sikio, na anaweza kudhani ni uvimbe. Tafadhali, asikate wala kutoboa kabla ya picha ya CT, yaani eksirei ya kompyuta, maana damu ikifumka inaweza kuua. Ikithibitika ni mshipa, wengi hufuatiliwa tu, bila upasuaji. Na mafuta ya nazi ya vuguvugu yakitiwa sikioni huishia kwenye kiwambo, mshipa hayaufikii.