Shada ambalo halikuwahi kuwepo

Wengi wakitazama mchoro wa maua wa Jan Brueghel Mkubwa (1568–1625), mchoraji wa Antwerp, hudhani aliweka chombo cha maua mezani, akaketi, akanakili alichokiona. Sivyo. Tazama vizuri: tulipu, ua la majira ya kuchipua, liko bichi kabisa ubavuni mwa waridi na yungiyungi wa kiangazi. Bustani gani ingekupa yote siku moja?

Brueghel alichora kila ua kwa wakati wake, lilipochanua, kisha akaendelea na mchoro uleule miezi kadhaa. Mwaka 1606 alimwandikia Kardinali Federico Borromeo wa Milano kwamba alikwenda hadi Brussels kuchora kutoka ua halisi aina zisizopatikana Antwerp. Safari nzima, kwa ajili ya maua machache! Ndiyo maana kila petali ni ya kweli, ingawa shada lenyewe ni la kubuni. Mchoro aliomchorea kardinali huyo ungali Milano, katika jumba la sanaa la Ambrosiana. Chini ya chombo kuna sarafu, makombe ya baharini na almasi moja inayometa. Borromeo aliandika kwamba alimlipa Brueghel thamani ya almasi hiyo.